Bosi kapanga bei, wewe wa kaunta ndo unaulizwa

Leo tuongee biashara kidogo. Wengi tunaokaa humu cafe tunatafuta kazi, na kazi inayopatikana haraka kwa kijana aliyemaliza form four ni ya kaunta: stationery, duka la vipodozi, uwakala wa pesa, mgahawa, au hii hii cafe uliyokaa. Kama dakika zako zinakaribia kuisha, kopi hii uweke kwenye flashi usome nyumbani, maana ni ndefu na ina hesabu.

Watu wakisikia "mkakati wa bei" wanadhani ni somo la chuo, la watu wenye tai. Wakisikia "mawasiliano kazini" wanakumbuka semina za kupewa soda na maandazi. Mimi naona ni kitu kimoja, na kinaonekana vizuri zaidi pale kaunta kuliko ofisini. Bei ni maneno ambayo duka linamwambia mteja. Sasa kama anayeyatamka hajui maana yake, mteja ataelewa nini?

Tuchukue cafe ya kufikirika. Ina kompyuta 8, saa moja ni buku. Kila mwezi mwenye mali analipa pango 150,000, intaneti 100,000, mshahara wa dada wa kaunta 200,000 na umeme 120,000. Jumla 570,000. Wakifungua siku 26, kila siku inabidi ziingie kama 22,000 ndo asile hasara. Yaani lazima ziuzwe saa 22 kila siku, kabla hata bosi hajajilipa yeye mwenyewe. Asubuhi pamepoa, zinauzwa saa 4 tu. Kuanzia saa kumi jioni panajaa, zinauzwa saa 20. Kwa hiyo siku inaingia 24,000. Anapumua, lakini kwa shida.

Bosi akakaa akafikiri, akaona mashine zinalala asubuhi bure. Akaamua asubuhi saa moja iwe 600. Wazo lenyewe si baya hata kidogo, ndo lile lile la hoteli za kitalii kushusha bei msimu wa mvua. Akapiga simu: "Kuanzia kesho asubuhi ni mia sita." Akakata.

Kesho yake mteja kaja, kaona 600, kauliza, "Mbona jana jioni nimelipa buku? Kwa hiyo mlikuwa mnatupiga?" Dada wa kaunta anajibu nini? "Sijui kaka, bosi ndo kasema." Hapo hapo ile bei imegeuka tuhuma. Mteja anaondoka akiamini jana aliibiwa, na jioni akirudi akaambiwa buku anaanza kubishana. Sasa fikiria bosi angetumia dakika mbili tu kumweleza sababu. Dada angejibu, "Asubuhi hatuna watu kaka, ndo maana tumeshusha. Ukija kabla ya saa sita unaokoa mia nne." Bei ni ile ile, mashine ni zile zile, na mteja ametoka na habari ya kuwapelekea wenzake.

Lakini hilo ni la juu juu. La ndani ni hili. Ukishusha kutoka 1,000 hadi 600 umepunguza asilimia 40, na ili mapato ya asubuhi yarudi pale yalipokuwa unahitaji kuuza zaidi kwa karibu asilimia 67. Saa 4 za buku ni 4,000. Kwa mia sita unahitaji saa 7 ndo uivuke, upate 4,200. Wengi wanaoshusha bei hawapigi hesabu hii, wanaona watu wameongezeka wanachekelea.

Baada ya wiki mbili bosi anafungua daftari: asubuhi zimeuzwa saa 9! Anafurahi, anataka kufungua tawi. Asichokijua ni kwamba kati ya saa hizo 9, tano ni za wale wale wa jioni waliohamia asubuhi kufuata unafuu. Jioni sasa ni saa 15. Piga hesabu: 9 mara 600 ni 5,400, kumi na tano za buku ni 15,000, jumla 20,400. Zamani ilikuwa 24,000. Kila siku anapoteza 3,600 huku akishangilia, na ameshashuka chini ya zile 22,000 za kulipa gharama.

Nani anajua kwamba sura za asubuhi ni zile za jioni? Daftari halijui, linaandika saa na pesa tu. Anayejua ni dada wa kaunta. Anawajua kwa majina, anajua yupi anaomba mkopo wa chuo, yupi anapakua muvi, yupi anakuja kuprinti barua za maombi ya kazi. Taarifa ya thamani kuliko zote kwenye hiyo biashara iko kichwani mwa mtu anayelipwa kidogo kuliko wote, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa tugeukie bidhaa yenyewe, kwa kifupi, maana bei haisimami bila kitu. Mnaikumbuka Nokia ya tochi? Ile 1100 ilitoka mwaka 2003, na ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Haikuwa na kamera wala rangi. Ilikuwa na tochi, na vitufe vilivyofunikwa vumbi lisiingie. Kuna mtu alijiuliza mteja anaishi wapi na usiku kukoje huko. Kwetu sisi tochi ilikuwa nusu ya sababu ya kuinunua.

Ukubwa wa kipimo nao ni mkakati wa bei. Ndo maana kuna mafuta ya kupima, sukari robo, nyanya za mafungu, vocha za jero. Mwenye duka la mtaani anajua mama mwenye mia tano hawezi kununua lita ya mafuta hata kama kwa lita ni nafuu. Tuseme lita ni 5,000 na kipimo cha 500 kinatoa mililita 80. Lita moja kwa vipimo ni vipimo 12 na nusu, yaani 6,250. Asiye na pesa analipa robo zaidi ya mwenye nazo. Sisemi mwenye duka ni mwizi. Kuna mafuta yanayobaki kwenye kopo, kuna muda wa kupima, kuna mtaji uliokaa. Ila tusijidanganye kwamba kadogo ni nafuu. Kadogo kinawezekana, basi.

Na chenji je? Vitabu vya Ulaya vinasema weka bei 999 badala ya 1,000, eti mteja anaona ni ndogo. Ukiweka bei ya hivyo hapa mtaani utashinda unagombana, kwa sababu hiyo shilingi moja ya kurudisha haipo, na ukimpa mtu pipi badala ya chenji mara tatu, ya nne haji. Hili nalo anajua wa kaunta. Bosi aliyeko nyumbani anaona namba nzuri tu.

Mfano wa watu waliosikiliza huko chini ni M-Pesa. Wengi tunadhani mtu fulani aliamka asubuhi akasema watu watumiane pesa kwa simu. Haikuwa hivyo. Vodafone ya Uingereza na Safaricom ya Kenya zilianza majaribio Oktoba 2005, na bidhaa yenyewe ilikuwa ya kurejesha mikopo midogo. Walishirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu, na wateja wa majaribio hawakufika hata 500. Wazo lilikuwa kwamba mtu aliyekopa kwenye kikundi arejeshe kwa simu asilazimike kubeba pesa.

Watu wakapewa huduma wakaanza kuifanyia mambo yao. Wafanyabiashara wakalipana wenyewe kwa wenyewe. Wengine wakaweka pesa jioni na kuitoa asubuhi ili wasilale nayo. Msafiri anaweka kabla ya kupanda basi, anatoa akifika. Mwingine anamrejeshea mwenzake mkopo, wanamalizana pembeni. Huku Faulu mahesabu yakawasumbua, maana mfumo wao haukuwa umejengwa kwa mambo haya. Hapo bosi wa kawaida angesema wateja wanatumia vibaya, akatunga masharti. Wale wakakaa na wateja, wakaangalia miamala, wakaona mikopo si yenyewe. Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa wote na maneno matatu tu: tuma pesa nyumbani. Kabla mwaka huo haujaisha walishapita wateja milioni moja.

Ila bei zake za mwanzo ndo zilinivutia mimi zaidi, na nashangaa watu hawazisemi. Kuweka pesa: bure. Kumtumia aliyesajiliwa: shilingi 30 za Kenya, kiasi chochote. Kutoa pesa kiasi kidogo: 25. Sasa ukimtumia mtu ambaye HAJAsajiliwa, wewe mtumaji unakatwa kuanzia 75, na yeye kule anatoa bila kukatwa. Ona ujanja huo. Gharama kubwa wamembebesha mtumaji, ambaye ni kijana wa Nairobi mwenye simu na haraka zake. Akitoa 75 mara mbili tatu anampigia bibi kule kijijini: "Bibi, nenda kajisajili bwana, unanimalizia hela!" Kampuni imepata mpiga debe ndani ya kila ukoo, na haijamlipa hata senti. Bei ile ilikuwa inasema "mwambie na mwenzako" bila kuandika hayo maneno popote. (Viwango hivyo vimebadilishwa mara nyingi tangu hapo, msije mkaenda nazo kwa wakala mkadai.)

Jambo lingine, ada zilikatwa kwenye akaunti ya mteja moja kwa moja. Wakala hapokei ada mkononi, kwa hiyo hawezi kujiongezea juu. Na bango la viwango lilibandikwa kila kibanda, mteja anasoma mwenyewe. Halafu kulikuwa na kampuni iliyopewa kazi ya kuwafundisha mawakala na kuwazungukia mara kwa mara. Fikiria tofauti: wakala anayetembelewa na wakala anayeletewa bango akabaki na maswali yake.

Kwetu Tanzania M-Pesa iliingia 2008 na mwanzoni ilijikongoja. Sababu zilikuwa nyingi: nchi kubwa, mawakala wachache, na soko limegawanyika kwa mitandao kadhaa, wakati Kenya mmoja ulikuwa umeshika wateja wengi. Kilichofanya kazi kwa jirani hakihamii tu kama begi.

Halafu mkitaka kujua kaunta inavyobeba mzigo wa bei isiyo yake, kumbukeni tozo. Tarehe 15 Julai 2021 serikali ilianza kukata tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kutegemea kiasi. Pesa haikwenda kwa wakala wala haikwenda kwa mtandao. Lakini nani alitukanwa? Kijana wa kwenye kibanda mwenye mwavuli. Mtu anakuja kutoa hela ya matibabu, anaona makato, anamfokea aliye mbele yake. Wengi wa wale vijana hawakuwa na maelezo zaidi ya "serikali ndo imepanga". Kelele zikawa nyingi, Septemba ya mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Watu walishaanza kurudi kwenye pesa za kushika, na miamala ikipungua kamisheni ya wakala inapungua. Kwa hiyo akatukanwa, na juu ya hapo akapungukiwa. Tozo inaweza kuwa na hoja yake, barabara na zahanati zinahitaji pesa, ila waliopaswa kuitetea walikuwa mbali sana na kibanda.

Msidhani ni sisi tu. Wamarekani nao waliangukia pua kwa jambo kama hili, tena kampuni kubwa. JCPenney ni maduka ya nguo na vitu vya nyumbani, yalianza mwaka 1902, na wakati ninaouzungumzia yalikuwa zaidi ya 1,000. Novemba 2011 wakamleta bosi mpya, Ron Johnson, jamaa aliyejenga maduka ya Apple yakawa gumzo dunia nzima. Akakuta kampuni imezama kwenye ofa. Mwaka 2011 peke yake walifanya ofa 590! Karibu hakuna aliyenunua kitu kwa bei iliyoandikwa. Yaani shati limeandikwa 50,000, wiki hii "punguzo nusu bei", kila mtu anajua bei ya kweli ni 25,000. Usanii mtupu.

Johnson akasema tuache usanii. Februari 2012 akafuta kuponi na ofa, akaandika bei ya kweli tangu siku ya kwanza. Kwa akili za kawaida ni jambo la haki kabisa, na mimi ningempigia kura. Mauzo ya mwaka ule yakaanguka kwa asilimia 25, hasara ikafika dola milioni 985. Aprili 2013 akaondolewa, wakamrudisha bosi wa zamani.

Kwa nini? Kwanza, yule mama mteja hakuwa ananunua shati tu, alikuwa ananunua furaha ya kuwa mjanja. Ile kuponi aliyokata gazetini ilikuwa inamwambia "leo umewashinda". Ni kama mtumba Karume au Ilala: muuzaji anaanza 15,000, unashusha mpaka 7,000, unaondoka kifua mbele. Angeandika 7,000 tangu mwanzo ungesema "punguza bwana" na usingenunua. Pili, zile bei mpya zenyewe zilipewa majina matatu tofauti, za kila siku, za mwezi na za Ijumaa fulani fulani, mpaka watu wakachanganyikiwa, na kabla mwaka haujaisha wakaanza kuyapunguza. Tatu, na hili ndo langu, hakujaribu kwanza kwenye maduka machache. Inaelezwa alipoulizwa kuhusu kujaribu, jibu lilikuwa kwamba Apple hawakuwa wakijaribu. Familia yake ilibaki California, makao makuu yapo Texas, akawa mtu wa kuja na kuondoka. Wauzaji waliokuwa wanalipwa kamisheni wakafutiwa. Sasa hao ndo waliokuwa wanasikia wateja wakiuliza "kuponi zangu ziko wapi?" kutwa nzima. Ingekuwa wewe umefutiwa kamisheni na bosi haonekani, ungempelekea habari hiyo?

Swali hilo ndo linanipeleka Ford, wale wa magari. Mwaka 2006 alikuja bosi anaitwa Alan Mulally, ametoka kwenye kutengeneza ndege za Boeing. Akaanzisha kikao kila Alhamisi, kila mkuu wa idara analeta ripoti kwa rangi: kijani mambo safi, njano kuna wasiwasi, nyekundu kuna tatizo. Vikao vya mwanzo vyote kijani tupu! Na kampuni mwaka ule ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Jamaa akawauliza, tunapoteza mabilioni, hakuna hata kitu kimoja kinachokwenda kombo?

Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezoea kwamba anayesema ukweli anachinjwa nao. Mpaka siku moja Mark Fields akaleta nyekundu: gari jipya la Edge lina tatizo kwenye mlango wa nyuma, utoaji umesimamishwa. Wenzake wakanyamaza, wakajua huyu kwishnei. Mulally akapiga makofi. Kisha akauliza nani anaweza kumsaidia, na watu wakaanza kujitolea pale pale. Wiki zilizofuata rangi zikaanza kufanana na hali halisi. Fields hakufukuzwa, mwaka 2014 yeye ndo alirithi kiti. Sisemi makofi ndo yaliiokoa Ford, walikuwa pia wamekopa mabilioni ya dola mapema kabla ya mtikisiko wa 2008. Lakini bila kujua ukweli ungejuaje pa kuyapeleka hayo mabilioni?

Turudi huku kwetu. Dada wa kaunta anajua kwamba wa jioni wamehamia asubuhi. Kwa nini hasemi? Kwa sababu zinajulikana. Siku pesa ikipungua anakatwa mshahara bila kuulizwa. Siku akitoa wazo anaambiwa "wewe kaa hapo uuze". Na kuna adabu zetu, kumkosoa mkubwa ni kama utovu wa heshima. Kwa hiyo anaona shimo, ananyamaza, na biashara ikifungwa wa kwanza kukosa kazi ni yeye. Hapo ndo nataka vijana wenzangu tufikiri. Ukimya unaonekana ni usalama, na mshahara wa 200,000 unatoka kwenye zile zile 22,000 za kila siku.

Namna ya kusema ipo, na inaweza kusemwa kwa heshima. Usimtumie bosi "biashara mbaya sana siku hizi". Hiyo ni lawama, haina cha kufanyia kazi, na ataisoma kama unajitetea. Mwandikie hivi: "Shikamoo bosi. Asubuhi sasa tunauza saa 9, zamani 4. Ila tano ni za wateja wa jioni wamehamia. Jioni imeshuka kutoka 20 hadi 15. Jumla kwa siku imetoka 24,000 hadi 20,400. Naomba wiki ijayo tujaribu mia sita iwe kwa wanaokuja na kitambulisho cha shule tu. Nimeandika kila siku kwenye daftari." Namba zipo, sababu ipo, ombi lipo, na muda wa majaribio ni mfupi asiogope. Umempa pa kutokea bila kumwambia amekosea. Usiseme mbele ya wateja, na usimwage kwenye grupu la WhatsApp la kazini ambako shemeji zake wote wapo. Ukiona anapenda kuongea kuliko kusoma, subiri jioni mkihesabu mauzo.

Muhimu uanze kuandika kabla hujasema. Daftari la pili, la kwako, safu tatu tu: saa ngapi, mteja mpya au wa zamani, na aliyeuliza bei akaondoka. Hiyo ya mwisho ni dhahabu. Mauzo yanaonyesha waliokubali bei, hayaonyeshi waliogeuka mlangoni. Na ukiacha kazi hapo, hizo namba ndo CV yako. Ni tofauti kusema "nilikuwa nauza cafe" na kusema "niliona kwamba punguzo la asubuhi linatupotezea 3,600 kwa siku, nikapendekeza libadilishwe".

Kwa mabosi mnaosoma, najua mpo mnachungulia: kabla ya kubandika bei mpya mwambieni wa kaunta sababu yake kwa sentensi moja, kisha mwambieni airudie kama anamwambia mteja. Akishindwa, hiyo bei bado haijawa tayari. Na mkimkata mshahara kwa pesa iliyopungua bila kukaa naye kuhesabu, msitegemee awaambie ya mteja.

Sasa walioko kaunta naomba mniambie hapo chini kwenye maoni, msitaje majina ya maduka: mara ya mwisho bei ilipobadilishwa kazini kwenu, uliambiwa sababu au uliikuta imebandikwa? Na wateja wakiuliza, huwa unajibu nini?